Karakana ya mbao: mpe zawadi anayetoa taarifa

Wenye karakana za mbao Tabora wakitaka mafundi wawe waangalifu, wengi huahidi bonasi mwezi ukipita bila ajali. Hiyo ndiyo zawadi mbaya kuliko zote. Aliyejikata atafunga kitambaa na kunyamaza, asije akawakosesha wenzake hela. Jeraha likioza baadaye, hata kudai fidia WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kunakuwa kazi, maana hakuna aliyeliandika.

Lipia taarifa. Tundika daftari mlangoni: tarehe, mashine, nini kilitaka kutokea, nani amerekebisha. Anayeripoti waya uliochubuka au mbao iliyorushwa na msumeno, hata kama ni kibarua wa siku moja, apewe vocha ya simu au kilo ya sukari Jumamosi hiyohiyo. Zawadi ikiwa kubwa, watu watatunga matukio. Asiyeandika asimulie, msimamizi amwandikie. Jina la aliyekosea lisiingie. Na kasoro zirekebishwe ndani ya siku tatu. Wakiona hazishughulikiwi, hakuna atakayeligusa tena daftari.

Anzeni na msumeno wa meza. Kile kibamba cha chuma kinachosimama nyuma yake kisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8. Kikiondolewa, mninga ambao haujakauka vizuri hujifunga nyuma ya msumeno, na meno yanayopanda hurusha ubao mzima tumboni kwa fundi. Sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti chenye urefu wa sentimita 45 au zaidi. Chongeni vitano, vining'inie kwenye mashine yenyewe, kwani msumeno huvila, na fundi akikikosa hutumia kidole gumba.

Ila zawadi hazifui dafu kama fundi analipwa kwa idadi ya mbao tu. Atang'oa kinga ili aende haraka, na nani atamlaumu? Muda wa kunoa, kusafisha na kubadili msumeno nao ulipwe.

Miwani, barakoa na viziba masikio anunue mwajiri, naye avivae kabla ya kuvuka mlango. Akiingia macho wazi mara moja tu, wiki ijayo miwani yote iko kwenye misumari. Kila mtu awe na ruhusa ya kuzima mashine bila kukatwa posho, hata mwenye kitanda cha harusi akiwa amesimama nje anasubiri.

Umeme ukikatika, anayetumia mashine azime swichi yake kwanza, ndipo aende kivulini. Ukirudi ghafla, msumeno usianze kuzunguka huku mtu anafagia vumbi chini yake.