Kipimo kimesoma chanya: je, unaumwa kweli? Somo la uwezekano wenye sharti

Kuna maswali mawili yanayofanana kama mapacha. Mgonjwa akipimwa, kuna uwezekano gani kipimo kisome chanya? Na kipimo kikisoma chanya, kuna uwezekano gani aliyepimwa ni mgonjwa? La kwanza hujibiwa na mtengenezaji wa kipimo. La pili ndilo linalokukosesha usingizi, na jibu lake huwezi kulisoma kwenye boksi.

Tutumie namba za kufundishia tu. Ugonjwa anao mtu 1 kati ya 100. Kipimo kinawanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawasingizia wazima 5 katika kila 100.

Hatua ya 1: Achana na asilimia, hesabu vichwa. Katika watu 10,000, wagonjwa ni 100 na wazima 9,900.

Hatua ya 2: Pima wagonjwa. 90 chanya, 10 wanaponyoka.

Hatua ya 3: Pima wazima. Hapa ndipo wengi huteleza. 5% inaonekana kiduchu, lakini ni 5% ya umati: watu 495 wamesingiziwa.

Hatua ya 4: Futa kila asiyesoma chanya. Kufuta huku ndiko "sharti" lenyewe. Wamebaki 90 + 495 = 585, na wagonjwa kati yao ni wale 90. 90 ÷ 585 ni kama 15%.

Kwa alama tunaandika P(ugonjwa | chanya). P ni uwezekano, na mstari wima usome "ikiwa". Kanuni yake inaitwa ya Bayes, kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza. Andiko lake lilichapishwa 1763, yeye akiwa ameshafariki 1761. Fomula huwa naisahau. Vichwa sijawahi kuvisahau.

MASWALI

Mwalimu, kumbe kipimo hakina maana?
Kinayo. Umetoka 1% ukafika 15%. Hiyo ni sababu tosha ya kuchunguzwa zaidi, ila haitoshi kukuita mgonjwa.

Nikirudia kikasoma chanya tena je?
Kama kosa la pili halitegemei la kwanza, katika wale 585 watabaki wagonjwa 81 na wazima karibu 25, yaani kama 77%. Lakini hiyo "kama" ina uzito. Kilichomo mwilini mwako kilichokidanganya kipimo jana kitakidanganya na leo, ndiyo maana ni bora kurudia kwa kipimo cha aina nyingine.

Mimi nilipima nikiwa na dalili zote. Bado ni 15%?
Hapana. Tuseme kati ya wenye dalili kama zako, wagonjwa ni 20 katika 100. Chukua tena 10,000: wagonjwa 1,800 chanya, wazima 400 chanya. 1,800 ÷ 2,200 ni kama 82%. Kipimo ni kilekile. Kundi ulilotoka ndilo limebadilika.

Na aliyesoma hasi, bila dalili?
Hasi wako 9,415: wagonjwa 10 walioponyoka na wazima 9,405. Ni kama mtu 1 kati ya 1,000.

Na hasi mwenye dalili?
Hiyo fanya mwenyewe, ulete jibu. Anza na wagonjwa 200 walioponyoka.