Maombi yakikauka, shika Zaburi ya 13

Viazi vimeungua kwa baridi ya Makete, marejesho ya kikoba yanadai, na ukipiga magoti huna la kusema? Fungua Zaburi ya 13, mistari 6 tu. Isome kwa sauti alfajiri, kabla hujashika simu. Baada ya mstari wa 2 nyamaza, kisha taja shida yako waziwazi: mbolea, ada, deni la fulani. Wa 3 na 4, omba jambo moja. Wa 5 na 6 soma hata kama moyo umegoma. Inasaidia kwa sababu inakuazima maneno wakati yako yameisha. Wengi hukosea kwa kurukia wa 5 (ule mtamu), uchungu unabaki palepale. Usingizi ukikukataa wiki mbili, mwone mchungaji, na daktari pia.