Namna ya Kujipatia Krediti za Chuo kwa Masomo ya Masafa na Mtandao Ukiwa Mtwara au Lindi

Mwalimu wa Tandahimba, muuguzi wa Nanyamba na karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Nachingwea wanaweza leo kusomea shahada bila kuacha kazi na bila kuhamia Dar es Salaam. Njia yenyewe ina umri: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina vituo mikoani, Mtwara na Lindi vikiwemo. Jambo jipya ni wingi wa kozi zinazotangazwa mtandaoni kila siku, na hapo ndipo watu wengi makini wanapopoteza ada zao, kwa kuwa kozi nyingi kati ya hizo humpa mtu cheti lakini hazimpi krediti hata moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka krediti, yaani masomo yatakayohesabiwa na chuo kuelekea astashahada, stashahada au shahada.

Krediti ni kipimo cha kazi ya kujifunza. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu nchini, krediti moja ni saa 10 za kazi, na ndani ya saa hizo huhesabiwa mihadhara, kusoma peke yako, mazoezi, kazi za vitendo na maandalizi ya mtihani. Kozi ya krediti 10 inakudai kama saa 100. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 360. Krediti hupatikana kwa kufaulu tu. Aliyehudhuria vipindi vyote akaanguka mtihani hapewi nusu wala robo.

Vipimo hivi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na tofauti hiyo lazima uielewe kabla ya kulinganisha kozi yoyote ya ng'ambo na ya hapa. Marekani, shahada nzima ya kwanza kwa kawaida huwa na krediti 120, idadi ambayo kwetu ni ya mwaka mmoja. Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti huchukua kati ya saa 25 na 30. Afrika Kusini na Uingereza hutumia saa 10 kama sisi. Kwa hiyo tangazo linaloahidi "krediti 30" laweza kumaanisha mwaka mzima wa kazi au robo ya mwaka, kutegemea nchi ya chuo, na mtu anayezijumlisha namba hizo bila kuzibadilisha kwanza atajipigia hesabu ya uongo.

Mkulima wa korosho wa mikoa hii amekwisha kulielewa jambo lenyewe kupitia stakabadhi ya ghala. Karatasi ile ina thamani kwa sababu ghala limesajiliwa, mzigo umepimwa na kupangiwa daraja, na mnunuzi wa mnadani anaitambua. Karatasi iliyoandikwa na ghala lisilotambulika haimpi mtu malipo hata kama korosho zake ni safi. Krediti nayo hupata thamani kwa yule anayeipokea. Ndiyo maana nashauri, na ushauri huu nauweka juu ya mengine yote yaliyomo humu, kwamba usianze kwa kutafuta kozi. Anza kwa kuchagua chuo kitakachokupa shahada au stashahada mwishoni, kisha urudi nyuma kuuliza ni kozi zipi kitazikubali.

Swali hilo liulizwe kwa maandishi, kwa ofisi ya udahili au kwa msajili, na lijibiwe kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia miaka mitatu baadaye, ofisa aliyekujibu atakapokuwa amehamishwa. Barua au baruapepe fupi inatosha, kwa mfano: "Mimi ni mwalimu mwenye stashahada ya ualimu niliyohitimu mwaka fulani. Nimekusudia kuomba programu fulani ya chuo chako. Kabla ya kuomba, ningependa kusoma kozi yenye jina na namba hii, inayotolewa kwa masafa na chuo hiki, yenye krediti hizi, na nimeambatanisha muhtasari wake. Naomba kufahamishwa iwapo krediti hizo zitahamishiwa kwenye programu hiyo, kwa daraja gani la chini la ufaulu, na zitadumu kwa miaka mingapi." Kila kipengele cha barua hiyo kina kazi yake. Vyuo vingi hukataa krediti zilizopatikana kwa alama ya kufaulu kwa shida, hukataa zilizokaa muda mrefu, na huweka kikomo cha kiasi unachoweza kuingia nacho kutoka nje, kwa kuwa hakuna chuo kinachopenda kutoa shahada kwa mtu ambaye hakikumfundisha sehemu kubwa ya masomo.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha ithibati. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Taasisi zote mbili huweka orodha za vyuo kwenye tovuti zao. Usiishie kwenye jina la chuo. Itafute programu yenyewe, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa halali huku programu moja inayotangazwa na wakala ikiwa bado haijaidhinishwa. Kwa chuo cha nje, waulize TCU mapema kama tuzo yake hutambuliwa nchini, kwani ni wao watakaoitathmini siku utakapoipeleka kwa mwajiri. Na malipo ya chuo cha umma hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Anayekutaka umtumie ada kwenye simu yake binafsi, hata awe na kitambulisho chenye nembo, achana naye.

Kozi za majukwaa makubwa ya dunia, kama Coursera na edX yaliyoanza mwaka 2012, zina faida ya kweli. Zitakufundisha takwimu, uhasibu au programu za kompyuta kwa kiwango kizuri, nyingine bila malipo kama huhitaji cheti. Lakini cheti chao cha kumaliza kozi, kwa sehemu kubwa, ni ushahidi wa kujifunza tu. Zipo chache zilizofungamanishwa na programu ya chuo kikuu fulani, na hizo humpa mtu krediti baada ya kudahiliwa na chuo hicho na kulipa ada yake. Maelezo ya kozi yasipotaja wazi idadi ya krediti na jina la chuo kinachozitoa, chukulia kwamba hakuna krediti. Mimi huwashauri vijana wanaosubiri udahili wazisome kozi hizi kama maandalizi, na waache kabisa kuzihesabu.

Sasa twende kwenye udahili. Kwa shahada ya kwanza, mlango wa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita kwa pointi zinazotakiwa, au stashahada yenye wastani unaokubalika. Sifa za kila programu huchapishwa kila mwaka kwenye mwongozo wa TCU, na ni huo wa mwaka wako unaopaswa kuusoma, si wa kaka yako. Aliyepungukiwa kidogo anaweza kupitia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, iliyopangwa kwa makundi ya sanaa, sayansi na biashara. Uipitie kwa uangalifu, kwa sababu kuimaliza peke yake hakutoshi: mwombaji hutakiwa pia kuwa na ufaulu fulani wa kidato cha sita au stashahada. Upo vilevile utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao humpima mtu mzima mwenye uzoefu kwa vielelezo na mtihani. Kwa wanaolenga elimu ya watu wazima na maendeleo ya jamii, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo hufundisha kwa masafa.

Fika kwenye kituo cha chuo mkoani wewe mwenyewe kabla ya kuomba. Nenda na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo na kitambulisho cha taifa, na ukiwa njiani yakague majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na kitambulisho kina matatu, au herufi moja imebadilika, shughulikia sasa, kwa kuwa jina utakalojisajilia ndilo litakaloandikwa kwenye shahada. Mtumishi wa umma aombe pia kibali cha mwajiri kabla ya kuanza, ili asije akakwama wakati wa kuomba kubadilishiwa kada.

Baada ya kudahiliwa inakuja hesabu ya muda, na hapa nawaomba wasomaji wawe wakweli kwa nafsi zao. Krediti 120 ni saa 1,200. Ukizigawa kwa majuma 52 unapata saa 23 kwa juma, bila kupumzika hata juma moja. Mtu mwenye kazi na familia akijitahidi sana hupata saa 12, yaani saa mbili kila siku kwa siku sita. Kwa mwendo huo atapata krediti 60 hivi kwa mwaka, na shahada ya krediti 360 itamchukua miaka sita. Si aibu, mradi uulize mapema kikomo cha miaka kilichowekwa na chuo. Kujisajili kozi sita kwa muhula kwa sababu wenzako wamejisajili sita, huku una saa za kozi tatu, ni kujinunulia mitihani ya marudio.

Kwa wanaoishi kwa korosho, ratiba ifuate msimu. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka nguvu zote za nyumba huwa shambani, kwenye kuokota, kuanika na kupeleka mzigo ghalani, na malipo ya minada huingia kati ya Oktoba na Januari. Panga kozi nyepesi au chache kwa miezi hiyo, na ada ya mwaka itenge siku malipo yanapoingia, kabla hayajaanza kugawanyika. Masomo ya masafa yana faida kwamba ada mara nyingi hufuata kozi ulizojisajili, hivyo waweza kulipa kwa kadiri ya uwezo.

Kuhusu mtandao, jipange kama vile hautakuwepo. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Mwanafunzi aliyekuwa ameshapakua maandiko ya muhula wote aliendelea kusoma. Aliyetegemea kufungua kila kitu mtandaoni alikaa. Mwanzoni mwa muhula nenda mjini penye mawimbi mazuri ukapakue mihtasari, vitini na kazi zote kwenye simu janja, halafu nakala yake uiweke kwenye flashi. Video hula bando haraka, kwa hiyo dai maandishi yake pale yanapopatikana. Kazi ya kuwasilisha itume siku mbili kabla ya mwisho, na upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe na ujumbe wa kupokelewa. Picha hiyo itunze mpaka alama zitoke.

Mitihani ya mwisho ya Chuo Kikuu Huria hufanyika kwenye vituo vya mikoa. Kwa mtu wa Mikindani huo ni mwendo wa daladala, ila kwa wa Liwale ni safari ya kweli, hasa wakati wa masika barabara ya kwenda Nangurukuru inapogeuka matope. Ratiba ikitoka, tafuta pa kulala na ufike siku moja kabla, ukiwa na kitambulisho cha mwanafunzi na uthibitisho wa kusajili mtihani wenyewe. Kujisajili kozi na kujisajili mtihani huweza kuwa hatua mbili tofauti, na wapo wanaogundua hilo mlangoni.

Mwisho ni jalada lako. Kwa kila kozi tunza muhtasari wake wenye namba, idadi ya krediti na mada zilizofundishwa, risiti ya ada, na matokeo ya muhula. Chuo kinachopokea krediti hakisomi jina la kozi pekee. Hulinganisha mada moja baada ya nyingine, na kozi mbili zenye jina moja zinaweza kufanana kwa nusu tu. Mihtasari hubadilishwa kila baada ya miaka michache, hivyo ile ya mwaka uliosoma wewe huenda isipatikane tena chuoni utakapoihitaji. Unapoomba kuhama, omba hati rasmi ya matokeo itumwe na chuo chenyewe kwenda chuo kingine, ambatanisha mihtasari na lile jibu la maandishi ulilopewa mwanzoni, kisha subiri barua inayotaja kozi zilizokubaliwa moja moja na krediti zake. Usijisajili kozi mpya kabla ya kuipata barua hiyo, maana unaweza kujikuta unailipia tena kozi ambayo tayari umesamehewa.