Somo: Kuchagua kesi ya kompyuta isiyo na kelele, inayopozwa kwa maji

Wakuu, habari za wakati. Somo hili nimelichelewesha, na walionidai kwa muda mrefu naomba radhi.

Kazi yangu ni kurekodi sauti za matangazo nyumbani, Tabata. Maiki iko nusu mita tu kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo feni ikiongeza mwendo kidogo, imeingia kwenye rekodi. Nilipoamua kujenga mashine mpya nilitafuta kesi iliyoandikwa "kimya" kwenye boksi. Nikapata moja nzito kweli, ina mlango mbele, sponji kila ubavu, imefunikwa kama sanduku la bibi harusi. Jina sitalitaja. Nikafunga rejeta ya 240 kwa mbele (rejeta ni kile kipande chenye feni ambamo maji ya moto hupita yakapoe; 240 ni feni mbili za milimita 120 zikipangwa mstari), nikawasha, kimya kabisa. Nikafurahi kwa dakika kumi.

Saa nne usiku, kipimajoto cha ukutani kinasoma 30, nikaanza kurenda video, yaani kutoa faili la mwisho. Feni zikapanda mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa hasira nikaufungua ule mlango wa mbele, nikaushikilia wazi kwa mkono. Sikugusa kitu kingine. Baada ya dakika mbili tatu sauti ikaanza kushuka yenyewe, feni zikatua kwenye 1,000 na ushee. Nikafunga mlango, zikapanda tena. Yaani nililipia sponji za kuzuia kelele ambayo kesi yenyewe ndiyo iliyokuwa inaileta.

Tangu siku hiyo nikiangalia kesi nauliza jambo moja: humu ndani feni zitaweza kwenda taratibu? Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya joto kwanza

Wati zinazoingia kwenye prosesa na kadi ya grafiki zote zinatoka kama joto. Prosesa ya Ryzen 7 7800X3D imepewa kiwango cha wati 120. Kadi ya grafiki ya RTX 4070 ni 200, RTX 4090 ni 450. Jumlisha zile tu utakazozipoza kwa maji. Mafundi wengi hutumia kipimo cha mkono: kila wati 100 ipate kipande kimoja cha rejeta cha milimita 120, ukitaka feni ziende polepole. Prosesa ya wati 120 peke yake inatosheka na 240. Prosesa na 4070 ndani ya mzunguko mmoja wa maji ni wati 320, hapo anza na 360 na ukipata nafasi ongeza.

Sisi wa ukanda wa joto tuna la ziada. Maji ya kwenye rejeta hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Anayepima kesi Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 akapata maji ya nyuzi 30, vifaa vilevile chumbani kwangu vitatoa maji ya nyuzi 40. Pampu nyingi za aina ya D5, zile zinazosukuma maji kwenye mzunguko, zimewekewa mwisho wa nyuzi 60 kwa maji yanayopita ndani yake. Bado tuko salama, ila nafasi ya kucheza imepungua, na feni ndizo zinazolipa deni. Kwa hiyo ukisoma uchambuzi wa nje, ongeza kipande kimoja cha rejeta juu ya walichotumia wao.

Hatua ya 2: Chagua rejeta, halafu tafuta kesi inayoibeba

Wengi wanakwenda kinyume, wananunua kesi kisha wanaanza kubembeleza rejeta iingie.

Angalia eneo la uso wake. Rejeta ya 240 ina sentimita za mraba 288. Ya 280, yenye feni mbili za milimita 140, ina 392. Ya 360 ina 432. Ona jinsi 280 ilivyosogelea 360 huku ikiwa fupi kwa milimita 80 hivi. Kesi nyingi za wastani zinakubali 280 na watu hawaiulizii kabisa. Mimi ndiyo ninayoitumia sasa.

Na kwa nini tunahangaikia eneo? Kwa sababu ya mwendo wa feni. Ukipunguza mwendo kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa desibeli 15 hivi. Huo ni mshuko mkubwa mno, sikio linausikia bila kipimo chochote. Rejeta kubwa inakuruhusu kukaa kwenye mizunguko 700 wakati ndogo inadai 1,400.

Hatua ya 3: Pima kwa boksi

Hii ndiyo iliyoniokoa, fuatilia kwa makini. Kesi ikiandikwa "hadi 360" usiamini. Rejeta ya 360 ina urefu wa milimita 395 hivi, kwa sababu kuna matanki mawili kwenye ncha zake. Upana ni 120, unene 27, na feni inaongeza 25. Jumla ya unene ni 52. Nyingine ni nene zaidi: Arctic Liquid Freezer III ina rejeta ya milimita 38, ukiweka feni unafika 63.

Chukua boksi la katoni ya maji ya chupa, kata na ukunje umbo lenye vipimo hivyo hivyo, zungushia gundi ya karatasi. Kwa 280 yangu nilikata 315 kwa 140 kwa 52. Nikalibeba kwapani mpaka Kariakoo. Muuzaji alicheka, akamwita na mwenzake waje waone. Nikamwomba anifungulie ubavu wa kesi, nikalisimamisha boksi juu, kwenye paa, kwa ndani. Kesi ya kwanza lilikaa juu ya nafasi za RAM (vijiti vya kumbukumbu) kabisa. RAM fupi zingepita, zangu za taa zina urefu wa milimita 44, zisingepita. Kesi ya pili paa lilikuwa sawa, ila waya wa umeme wa prosesa haukuwa na pa kupenya. Ya tatu lilikaa na kidole kikapita chini yake. Muuzaji akaacha kucheka, akaniomba boksi nimwachie.

Ukiweka rejeta mbele, jihadhari na kadi ya grafiki. Kesi inasema inameza kadi ya milimita 360. Toa 52 za rejeta na feni, zimebaki 308. RTX 4090 ya Nvidia wenyewe ina 304, inapita kwa kunusa. Za makampuni mengine zinazovuka 330 hazipiti. Soma pia kama kipimo cha kesi kilichukuliwa feni za mbele zikiwemo au la, maana hapo kuna milimita 25 zinazojificha.

Hatua ya 4: Hewa inapita wapi?

Igeuze kesi uangalie uso wake. Ukiona wavu mtupu, vizuri. Ukiona bamba au kioo, tafuta hewa inaingilia wapi. Mara nyingi ni mwanya wa ubavuni. Ingiza kidole, kisipoingia, rejeta ya nyuma yake itakaa na kiu.

Hapo sikatai sponji moja kwa moja. Shiti za lami na sponji zinafanya kazi kwenye sauti nyembamba, kama ule mlio wa kadi ya grafiki unaofanana na mbu. Mvumo mnene wa feni unazipita tu. Ndiyo maana napenda kesi zinazokuachia uamuzi. Be quiet! Silent Base 802 inakuja na uso na paa za aina mbili, zilizozibwa na za wavu, unabadilisha mwenyewe. Fractal Design Define 7 inakupa mapaa mawili, la kuziba na la hewa. Corsair 4000D Airflow haina sponji hata kipande, ni wavu tu, inabeba 360 mbele, na kwa fedha yake ningeichukua kabla ya kesi yoyote ya milango. Fractal Torrent inasifiwa sana kwa hewa, na ni kweli, ila pawa saplai yake inakaa juu, kwa hiyo usiende nayo ukiwa na ndoto ya rejeta ya paani.

Chujio la vumbi litoke bila kuhamisha kesi. Kwetu vumbi la kiangazi linaziba chujio kwa wiki tatu, na chujio lililoziba ni sawa na ule mlango wangu. Feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa isinyonywe kupitia matundu yasiyo na chujio.

Hatua ya 5: Mitetemo

Pampu ndiyo sauti inayobaki feni zikishanyamaza. Gonga ubavu wa kesi kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama bati la paa, pampu itaupigia ngoma usiku kucha. Bati nene hutoa mlio mfupi unaokufa hapo hapo. Pampu ya D5 ifungwe juu ya mpira au sponji, isigusane na chuma, na uiendeshe mwendo wa kati. Kuizidisha hakuongezi ubaridi wa maana.

Miguu ya kesi nyingine ni plastiki ngumu. Nilikata ndala kuukuu vipande vinne nikaweka chini. Meza iliacha kuvuma. Mke wangu bado anaitafuta ile ndala.

Hatua ya 6: Pampu isiwe juu kuliko vyote

Upepo uliomo kwenye maji hupanda. Sehemu ya juu kabisa ya mzunguko iwe rejeta au tanki, ili upepo ukakae huko. Kesi isiyoruhusu mpangilio huo iache.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, niko Mombasa, kwetu unyevu ni mwingi. Haya mabomba hayatatoa jasho yakamwagia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta)?*

Hapana. Jasho linakuja kitu kikiwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, kama soda ya kwenye friji. Maji ya humu siku zote ni moto kuliko chumba. Wasiwasi wako uwe chumvi ya bahari: kesi iliyokwaruzwa rangi huota kutu haraka, kwa hiyo kagua kona kabla ya kulipa.

*Kaka shikamoo. Mimi si mchezaji wa gemu, naandika tu na kuhariri picha. Kweli nahitaji maji?*

Marahaba mdogo wangu. Huhitaji. Poza kwa hewa, tumia kitu kama Noctua NH-D15, haina pampu ya kulia na haina cha kuvuja. Ila ina urefu wa milimita 165, kwa hiyo kesi iwe pana kuimeza. Hatua ya 4 na ya 5 bado zinakuhusu.

*Naishi Muscat. Nje nyuzi 45, ndani AC inapiga 24 mchana kutwa. Nifuate hesabu ya nani?*

Hesabu ya chumba, ya nje haikuhusu. Kwenye 24 uko karibu na hao wa Ulaya. Kama unaizima AC ukitoka na kuiacha mashine ikirenda, basi panga kwa joto la wakati huo. Halafu jiulize kama kwa mlio wa hiyo AC utaisikia hata feni.

*Mimi kesi yangu ni ya vioo pande mbili, Lian Li O11 Dynamic. Umeniambia nimepotea?*

Hujapotea. Ile inabeba rejeta tatu za 360: juu, chini na ubavuni. Ukizijaza hata mbili feni zako zitatambaa. Kioo kizito hakitetemeki ovyo kama bati jembamba. Sauti itakufikia kupitia matundu ya juu, basi iweke chini ya usawa wa meza.

*Yangu inatoa sauti ya maji yanayobubujika kila nikiwasha asubuhi. Rejeta iko mbele, mabomba yanatokea juu.*

Upepo umekusanyika juu kwenye rejeta, karibu na midomo ya mabomba, na pampu ikianza unavutwa. Igeuze rejeta mabomba yatokee chini, mradi yafike kwenye prosesa bila kukunjika, na upande wa juu wa rejeta ubaki juu ya pampu. Kabla hujafungua skrubu hata moja, jaribu kuilaza kesi pembeni huku inaenda, iinamishe huku na huku kwa dakika kadhaa. Mara nyingine inatosha.

*Feni zangu zinapanda na kushuka kila nikifungua ukurasa. Mbaya kuliko kelele yenyewe!*

Hilo halitokani na kesi. Feni zako zinafuata joto la prosesa, ambalo linaruka kwa sekunde moja. Zifuatishe joto la maji. Lita moja ya maji ikipokea wati 250 bila kupozwa kabisa inapanda chini ya nyuzi 4 kwa dakika, kwa hiyo feni hazitashtuka. Mazabodi nyingi zina pini mbili za kihisi cha joto, na kihisi cha maji kinafungwa kama kiungo cha bomba. Kama seti yako ya maji ni ya kufungwa tayari kiwandani na haina kihisi, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) uweke ucheleweshaji wa feni sekunde kadhaa.

*Na nikijaza maji mara ya kwanza, nitajuaje haivuji kabla sijaunguza vitu?*

Washa pampu peke yake, vingine vyote visiwe na umeme. Zungushia karatasi ya chooni kila kiungo, acha izunguke saa 24. Karatasi kavu itakuonyesha tone hata moja. Maji yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, ya bombani usiyaguse, na usichanganye rejeta ya aluminiamu na vifaa vya shaba. Vikikutana ndani ya maji mamoja, aluminiamu inaliwa taratibu.

*Mkuu lile boksi, vipimo vya 420 unavyo?*

420 ni feni tatu za 140. Kata 455 kwa 140 kwa 52, halafu kabla hujatoka nyumbani hakikisha kesi yenyewe ina kina hicho. Nyingi zitakurudisha mlangoni.