Kuunga kabati la katoni bila kuvurugana nalo

Kabati la nguo la milango miwili, lile linalouzwa likiwa mbao na mifuko ya skrubu ndani ya katoni, ni kazi ya saa mbili hadi tatu kwa watu wawili. Likila siku nzima, mara nyingi ni kwa moja kati ya haya mawili: ubao umegeuzwa ikabidi nusu ya kazi ifumuliwe, au skrubu zimekazwa mapema mno. Yote mawili huzuiliwa kabla hujashika bisibisi.

Wakati wa kaskazi anza asubuhi mapema, kabla joto halijapanda. Mikono yenye jasho huteleza, na mtu aliyechoka ndiye anayekaza mpaka ubao ukapasuka. Ungia ndani ya chumba litakamokaa, hasa kama unakaa Mji wa Kale wa Mombasa ambako ngazi ni nyembamba na kona ni kali. Kabati likishasimama halipiti tena mlangoni. Pima dari pia. Kabati la urefu wa sentimita 200 na kina cha 60, ukiliinua kutoka sakafuni, kona yake hufika karibu sentimita 209. Dari ikiwa chini ya hapo, itabidi uliunge likiwa limesimama.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota namba 2, bisibisi bapa, nyundo ndogo, futi na penseli. Alenki, ule ufunguo mdogo uliopinda wa pembe sita, huja ndani ya katoni. Drili ya betri itumie kwa nguvu ya chini kabisa na umalizie kwa mkono. Mbao za kabati hili ni chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikizunguka hata mara moja kupita kiasi, husaga tundu na haishiki tena.

Tandika mkeka au ile katoni yenyewe sakafuni, kisha utoe mbao moja moja. Kagua pembe, maana ndizo zinazovunjika katoni inaporuka matuta kwenye tuktuk. Mimina kila aina ya skrubu kwenye bakuli lake, uhesabu kulingana na karatasi. Kikikosekana kitu, rudi dukani kwanza. Kabati lililoachwa nusu hulegea kwa uzito wake lenyewe.

Sasa panga mbao zikiwa zimelala kama zitakavyokaa, na uziandike namba kwa penseli upande usioonekana. Ukingo uliobandikwa utepe wa rangi huelekea mbele. Mfereji mwembamba wa kupitisha ubao wa nyuma huelekea nyuma. Matundu ya rafu hutazamana ndani. Dakika kumi za kuhakikisha haya matatu zinakuokoa kufumua kazi baadaye.

Kiungo kinachosumbua wengi zaidi ni kamu, kile kidude cha chuma cha duara, kwa kawaida milimita 15, chenye alama ya mshale usoni. Hufanya kazi na skrubu yenye shingo na kichwa kidogo. Skrubu hiyo huingizwa kwenye ubao wa kwanza mpaka ule ukosi wake ulale sawa na uso wa ubao, wala isizidi. Ikibaki juu, mbao hazikutani; ikizama, kamu haifikii kichwa chake. Tumbukiza kamu kwenye ubao wa pili, mshale ukielekea tundu la ukingoni ambamo skrubu itaingilia. Sukuma mbao zikutane kabisa, ndipo uzungushe kamu kufuata saa, takriban nusu mzunguko, mpaka uhisi imeuma. Ikizunguka bure, usiongeze nguvu. Itoe, kwa sababu ama mshale ulikuwa umegeuka, ama mbao hazijakutana.

Vile vijiti vya mbao vya milimita 8 kazi yake ni kuzuia mbao zisiteleze. Wengi wenu ni wapangaji, na kuhama kutoka mtaa wa Tudor kwenda Kisauni ni suala la mwaka mmoja tu. Basi msivitie gundi, kabati lipate kufunguka tena.

Kaza viungo vyote kwa robo tatu tu mpaka fremu nzima ishikane. Kisha pima kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukingamana. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 3, fremu imekaa pogo. Sukuma zile kona mbili zenye kipimo kirefu mpaka vilingane, ndipo ukaze. Ubao wa nyuma upigilie hapo hapo, msumari kila sentimita 15, kwa sababu ndio unaoshikilia umbo. Ukiupigilia fremu ikiwa pogo, milango haitafungika vizuri hata ukishinda kutwa unarekebisha bawaba.

Reli za droo nyingi huandikwa herufi: CL na CR hufungwa kwenye kabati kushoto na kulia, DL na DR kwenye droo. Zikichanganywa, droo huganda au hutoka mzima mzima.

Milango ni ya mwisho, kabati likishasimama sawa kwa pimamaji. Kwenye bawaba za kawaida, skrubu ya mbele husogeza mlango kushoto na kulia, ya nyuma huusogeza ndani na nje, na zile za bamba huupandisha na kuushusha. Geuza nusu mzunguko, funga mlango, utazame, kisha uendelee.

Mombasa adui mkubwa wa kabati hili ni maji ya kupigia deki. Chipbodi ikinywa maji huvimba na hairudi tena. Paka vanishi kingo za chini zisizo na utepe kabla ya kusimamisha, weka vile viguu vya plastiki, na uache sentimita 3 kati ya kabati na ukuta hewa ipite. Bawaba zipake mafuta ya cherehani kidogo, maana hewa ya bahari huzila kutu.

Kabati refu lifunge ukutani, hasa penye watoto wanaoning'inia kwenye droo. Kuta za mawe ya matumbawe ni laini: toboa kwa ncha ya milimita 8 bila mtikiso wa nyundo, katikati ya jiwe na si kwenye maungio, tia plagi ya plastiki na skrubu isiyopungua milimita 60. Vumbi likitoka jingi na plagi ikacheza, hamia mahali pengine. Tundu la chipbodi lililosagika hutengenezeka: jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao, zikate usawa wa ubao, na uache zikauke usiku kucha kabla ya kurudisha skrubu.