Namna ya Kupima Nafasi ya Timu ya Soka ya Chuo Kikuu Inapoelekea Mtoano wa NCAA

Novemba inapofika, mashabiki wa soka ya vyuo vikuu nchini Marekani huulizana swali moja: timu yetu itafika wapi? Wengi hulijibu kwa kutazama jedwali la msimu, wakahesabu ushindi, wakaridhika. Maelezo haya yanahusu namna ya kulijibu swali hilo kwa uangalifu zaidi kwa upande wa wanaume wa Daraja la Kwanza la NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, na yamekusudiwa kwa mtu yeyote mwenye ndugu, mtoto au chuo anachokipenda huko, ambaye angetaka kuwa na matumaini yenye msingi.

Kabla ya kuitazama timu yenyewe, elewa kwanza mlango inaouingia. Timu 48 ndizo zinazoshiriki mashindano haya. Bingwa wa konferensi, yaani ligi inayokusanya vyuo kadhaa, huingia moja kwa moja, na nafasi zinazobaki hujazwa na kamati ya uteuzi. Kamati hiyo huzipanga timu 16 bora kwa namba, na timu hizo huvuka raundi ya kwanza bila kucheza, kisha hucheza raundi ya pili kwenye viwanja vyao. Kila hatua ni mechi moja tu, na anayefungwa anafungasha virago. Hakuna marudiano ya kusawazisha makosa kama tulivyozoea katika mashindano ya klabu za Afrika, na hili ndilo jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika kuliko yote, kwa sababu timu iliyojengwa kushinda ligi ya miezi mitatu si lazima iwe timu inayoweza kuhimili mechi tano au sita za kufa na kupona.

Sasa chukua rekodi ya timu, lakini usiisome peke yake; isome pamoja na majina ya wapinzani. Kwa miaka mingi kipimo kilichoongoza mjadala wa uteuzi ni RPI, ambacho kwa asili yake huipa asilimia ya ushindi wa timu yenyewe uzito wa robo tu, asilimia ya ushindi wa wapinzani wake uzito wa nusu, na ile ya wapinzani wa wapinzani robo iliyobaki. Tuseme timu ya kwanza imeshinda mechi 17 kati ya 20, wapinzani wake wameshinda asilimia 42 ya mechi zao, na wapinzani wa hao asilimia 48. Timu hiyo itapata 0.5425. Timu ya pili imeshinda mechi 15 tu kati ya 20, lakini wapinzani wake wana asilimia 55 na wapinzani wa hao asilimia 50, itapata 0.5875. Timu iliyopoteza pointi nyingi zaidi ndiyo inayoonekana bora, na mara nyingi ndivyo ilivyo kweli uwanjani, kwa sababu imeshapigwa na kujifunza mbele ya watu wanaojua kuadhibu kosa.

Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo haijui mechi ilichezwa lini, wala nani alikuwa mgonjwa siku hiyo. Timu iliyofungwa mara tatu mwishoni mwa Agosti ikiwa na mabeki wapya, kisha ikatulia, ina rekodi ileile na timu iliyoanza kwa kishindo na kuporomoka Oktoba. Kwa hiyo napendekeza uchukue daftari na kuandika mechi zote kwa mpangilio wa tarehe, ukionyesha kama ilikuwa nyumbani au ugenini, nani alianza langoni na kwenye safu ya ulinzi, na bao la kwanza lilifungwa na nani. Ukimaliza, funika nusu ya kwanza ya ukurasa kwa mkono wako na usome mechi nane za mwisho tu. Hiyo ndiyo timu itakayocheza mtoano. Ile ya Agosti imeshapita, na ile ya mwaka jana imepita zaidi. Wachezaji wa vyuo huhama, huhitimu, na walio bora huondoka mapema. Wasomaji wa Mombasa watamkumbuka Handwalla Bwana, aliyezaliwa katika mji huo, ambaye aliichezea University of Washington kabla ya kusajiliwa na Seattle Sounders mwaka 2018 akiwa bado kijana mdogo. Timu inayoondokewa na mchezaji wa aina hiyo si timu ileile hata kama jezi na kocha hawajabadilika.

Baada ya hapo tafuta mechi zilizoamuliwa kwa bao moja na zile zilizokwisha kwa sare. Kwangu mimi huu ndio moyo wa kazi yote, na ushahidi wake uko kwenye fainali zenyewe. Ukihesabu fainali 11 za kuanzia msimu wa 2014 hadi wa 2024, saba hazikumalizika ndani ya dakika 90. Nne ziliamuliwa kwa mikwaju ya penalti, nazo ni za 2014, 2016, 2019 na 2022, na tatu zikaamuliwa katika muda wa nyongeza, yaani za 2017, 2020 na 2024. Ushindi wa mabao 4-0 ambao Stanford iliupata dhidi ya Clemson mwaka 2015 ni kitu cha nadra. Stanford hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa 2016 baada ya sare ya 0-0 na Wake Forest na penalti 5-4, kisha ikatwaa wa 2017 kwa bao 1-0 dhidi ya Indiana katika muda wa nyongeza. Timu ya namna hii hushinda kwa kutoruhusu kitu, ikasubiri nafasi yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Maryland ya 2018. Msimu wake ulianza kwa shida kubwa ya kufunga mabao, na mtu aliyeitazama kwa jicho la washambuliaji pekee angeishusha thamani mapema. Ilipofika mtoano, chini ya kocha Sasho Cirovski na kipa Dayne St. Clair, ilizifunga NC State 2-0, Duke 2-0, Kentucky 1-0, Indiana 2-0 na Akron 1-0 katika fainali. Mechi tano, mabao manane, na nyavu zake hazikuguswa hata mara moja. Kwa hiyo unapopima timu yako, usiulize tu imefunga mabao mangapi kwa jumla. Ondoa yale ya mechi zilizokwisha 5-0 au 6-1 dhidi ya vyuo dhaifu, kisha uone wastani unaobaki. Halafu hesabu ni mechi ngapi dhidi ya timu zenye nguvu ambazo lango lake halikutikiswa. Timu yenye mabao machache lakini mabeki wanne walewale kwa wiki sita mfululizo inanipa imani kuliko ile inayofunga matatu na kuruhusu mawili kila Ijumaa.

Muda wa nyongeza unahitaji uangalizi wake. Tangu 2022 mechi za kawaida za msimu huachwa zikiwa sare dakika 90 zikiisha, na muda wa nyongeza wa vipindi viwili vya dakika 10 umebaki kwa hatua za mwisho wa msimu, ukifuatwa na penalti. Maana yake ni kwamba timu inaweza kufika mtoano bila kuwa imecheza hata dakika moja ya ziada, isipokuwa ile iliyojaribiwa katika mashindano ya konferensi yake. Ikiwa timu yako ilipitia mechi kama hiyo, itafute video uitazame yote, hasa dakika za 80 hadi mwisho. Je, viungo bado wanarudi kukaba, au kocha amebaki akipiga kelele pembeni na hakuna anayesogea? Ikiwa mechi ilifika kwenye penalti, andika majina ya waliopiga na waliokosa, na mtazame kipa. Mwaka 2019 Georgetown na Virginia zilifungana 3-3, na Georgetown ikashinda kwa penalti 7-6 baada ya kipa wake Tomas Romero kuokoa mkwaju wa mwisho. Mwaka 2022 Syracuse iliifunga Indiana kwa penalti 7-6 vilevile, baada ya sare ya 2-2. Timu yenye kipa wa kawaida inaweza kufika mbali, lakini itahitaji kila kitu kingine kiende sawa.

Kuhusu upana wa kikosi, mtazamaji aliyezoea kanuni za FIFA lazima abadilishe macho yake. Katika soka ya vyuo idadi ya mabadiliko haina kikomo cha watano. Mchezaji aliyetolewa kipindi cha kwanza anaweza kurudi kipindi cha pili, na aliyetolewa kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja katika kipindi hicho. Saa ya uwanjani huhesabu kwa kushuka kutoka dakika 45 hadi sifuri, na mwamuzi haongezi dakika za majeruhi kama tunavyoona kwenye Ligi Kuu. Kocha mwenye wachezaji 18 wanaoaminika anaweza kuisukuma timu yake kukaba kwa kasi kwa dakika zote, huku mwenye 13 akianza kuhesabu pumzi za wachezaji wake mapema. Tazama karatasi za takwimu za mechi, ambazo vyuo vingi huzichapisha, na uone ni wachezaji wangapi walicheza zaidi ya dakika 20 katika mechi ngumu. Kumbuka pia kwamba msimu huu huminywa kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, mara nyingi kwa mechi mbili kwa wiki, na vijana haohao wana masomo na mitihani; beki aliyecheza dakika zote 90 za mechi 18 anafika mtoano akiwa amechoka mwili, hata kama hataki kukiri. Ulizia pia kadi, kwa kuwa mchezaji anayefikisha kadi tano za njano hukosa mechi inayofuata.

Ratiba ya mtoano inapotangazwa, usiiangalie kuanzia fainali kurudi nyuma, kama wengi wanavyofanya. Anza na mechi ya kwanza. Je, ni nyumbani au ugenini? Safari ni ya saa mbili kwa basi au ya ndege ya kuvuka nchi nzima? Mpinzani anacheza mipira mirefu au anakaa na mpira? Uwanja ni wa nyasi za asili au za bandia, na hali ya hewa ya mwisho wa Novemba itakuwaje kwa timu iliyotoka kwenye joto? Kupangwa kwa namba kuna thamani kubwa kwa sababu kunapunguza mechi moja na kukuhakikishia mwanzo wa nyumbani, lakini hakuna ahadi nyingine ndani yake. Virginia ilikuwa namba 16 ilipotwaa ubingwa wa 2014. Marshall haikupangwa kabisa katika mashindano ya msimu wa 2020, yaliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, lakini iliitoa Clemson iliyokuwa namba 1 kwa penalti, ikaitoa Georgetown iliyokuwa bingwa mtetezi kwa bao 1-0, ikaifunga North Carolina 1-0, na katika fainali Jamil Roberts akafunga bao pekee la muda wa nyongeza dhidi ya Indiana. Miaka michache baadaye Marshall hiyohiyo ilikaa upande wa pili wa hadithi, ilipofungwa 2-1 na Vermont katika fainali ya 2024 huko Cary, North Carolina, kwa bao la Maximilian Kissel katika muda wa nyongeza. Vermont nayo haikuwa imepangwa, na nusu fainali yake dhidi ya Denver ilihitaji penalti.

Mwishowe andika makadirio yako kwa namba, kwa sababu maneno kama "tuna nafasi nzuri" humpa kila mtu anachotaka kusikia. Kwa kila mechi inayowezekana, jiulize timu yako ingeshinda mara ngapi kama mechi hiyo ingechezwa mara kumi, kisha zidisha. Timu iliyopangwa inahitaji ushindi mara tano ili kuwa bingwa. Ile isiyopangwa inahitaji mara sita. Timu iliyopangwa yenye nafasi ya asilimia 60 katika kila mechi, ambayo ni nafasi ya heshima kabisa, ina takriban asilimia 8 tu ya kutwaa ubingwa, na ile isiyopangwa yenye uwezo huohuo ina kama asilimia 5. Hata timu bora kabisa, yenye asilimia 70 kila siku, inafikia takriban asilimia 17 ikiwa imepangwa. Unapoziona namba hizi unaacha kumlaumu kocha kwa kutokuwa bingwa, na unaanza kuuliza swali linalomtendea haki: je, timu hii ilifika pale ambapo nguvu zake ziliiruhusu?

Hesabu hiyo irudie baada ya kila raundi, ukiondoa mpinzani aliyetolewa na kumweka aliyeshinda, na ukiongeza ulichokiona mwenyewe: beki aliyeanza kuchechemea, kipa aliyepata ujasiri, au mshambuliaji wa akiba aliyeingia dakika ya 70 na kubadilisha mchezo. Ziache namba za raundi zilizopita ukurasani bila kuzifuta, ili Desemba, mechi ya mwisho ikishaisha, uweze kuona ni wapi ulikadiria kupita kiasi na ni kitu gani hukukitazama.