Kuandaa michezo ya vijana ya kata bila kukimbiwa na wachezaji wala maji

Fainali ya kwanza niliyoiratibu hapa Lindi ilikuwa ya soka la ufukweni, Jumamosi, saa 10 alasiri. Jezi zilikuwepo. Spika zilikuwepo. Mheshimiwa diwani alikuwa njiani. Kilichokosekana ni uwanja. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua (maji makubwa) limeshika, na pale nilipochomeka milingoti ya goli asubuhi pakavu kabisa palikuwa na maji ya kiunoni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu zake pembeni akaniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi: "Afisa, mwezi hukuutazama?"

Tangu siku ile sianzi na fedha. Naanza na kalenda. Nimeona programu nyingi zenye fedha zikafa kwa kukosa wachezaji, na ligi za mbuzi, zile ambazo zawadi yake ni mbuzi na hazina hata shilingi ya halmashauri, zikajaza watu mpaka juu ya miembe. Anayeandaa ligi ya mbuzi anajua vijana wako wapi saa ile. Mwongozo huu ni kwa maafisa michezo, maafisa vijana, watendaji wa kata na yeyote aliyeambiwa "hebu ratibu hili jambo la vijana".

Hatua ya 1: Chora kalenda ya watu kwanza

Chukua karatasi ya manila, andika miezi 12 kuanzia Julai, maana mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Halafu jaza mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ni shamba. Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na wakati huo kijana ana jembe mkononi. Ufuta unavunwa Mei na Juni. Mikorosho inapuliziwa dawa katikati ya mwaka, kisha kuanzia Oktoba kila mwenye mikono yuko chini ya mkorosho anaokota. Minada ikianza kulipa utawaona vijana wamerudi mjini wana pesa, lakini hawana muda wako.

Mstari wa pili ni dini na mila. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana usiinakili hata kama ilifana. Ramadhani yenyewe haimaanishi kwamba michezo imekufa: drafti na bao baada ya tarawehe vinapata watu wengi sana. Kisha kuna jando na unyago. Likizo ndefu za shule ndizo familia nyingi huzitumia kuwaingiza watoto, na ukipanga mashindano ya wenye umri wa miaka 10 hadi 14 wakati huo utapata nusu ya timu. Usibishane. Nenda kwa wazee wa mtaa mapema, uliza tarehe, andika.

Mstari wa tatu ni serikali yenyewe, na hapa ndipo tunapojikwaa kwa miguu yetu. UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) zikija katikati ya mwaka, walimu wa michezo, waamuzi na mipira yote ya shule vinaondoka. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti kuna maonesho ya wakulima ya Nane Nane viwanja vya Ngongo, na hakuna gari, hema wala kiti cha halmashauri kitakachobaki mjini. Mwenge nao una siku zake.

Ukimaliza kujaza, tazama mahali palipobaki peupe. Kwangu mimi huwa ni wiki sita, tangu katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba. Hizo wiki sita ndizo programu yako. Mengine yote ni mabonanza ya siku moja moja.

Hatua ya 2: Panga saa, na uanze na wasichana

Kati ya Juni na Septemba jua la Lindi linazama saa 12 na dakika kama 10 jioni. Swala ya alasiri inamalizika kabla ya saa 10. Kwa hiyo kati ya alasiri na magharibi una saa mbili na dakika kidogo, basi. Mechi ya dakika 90, mapumziko 15, muda wa majeruhi, halafu penalti: ukianza saa 10 kamili, penalti ya mwisho inapigwa adhana ikilia. Mimi nacheza dakika 35 kila kipindi na mapumziko 10, naanza saa 10:15, na saa 11:40 watu wanaenda kunawa. Hakuna kijana aliyewahi kunilalamikia zile dakika 20 zilizokatwa.

Netiboli ina hesabu nyingine. Kwa miaka miwili niliiweka baada ya mpira wa miguu, uwanja uleule wa shule. Kila mara mpira ulichelewa, na kila mara giza liliikata netiboli. Nikawa naandika kwenye taarifa kwamba "mwitikio wa wasichana ni mdogo". Uongo mtupu, walikuwa wamesimama pale na sketi zao wanasubiri. Mama mmoja wa Mtanda ndiye aliyenifungua macho: "Mwanangu, mimi binti yangu jioni namtaka jikoni. Asubuhi ya Jumapili mchukue hata kwa saa nne nzima." Sasa netiboli ni Jumapili saa 2 asubuhi, robo nne za dakika 10, na inaisha kabla ya jua kuwa kali. Timu zimeongezeka, na akina mama wanakuja kutazama, jambo ambalo jioni haliwezekani.

Hatua ya 3: Kama ni ufukweni, soma maji

Aliyezaliwa pwani anaweza kuiruka hatua hii. Tuliotoka bara tuisome mara mbili.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu na siku moja mbili baada yake, pwani yetu maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hapo kupwa kunaangukia jioni, lakini bahari haitoki mbali.

Maana yake kwa mratibu ni hii. Bonanza la asubuhi liweke siku za bamvua; utapata mchanga mpana, mgumu, na unaweza kuchora viwanja viwili sambamba. Bonanza la jioni liweke siku za maji mafu, na ukubali uwanja mmoja. Uwanja wa soka la ufukweni ni mita 35 hadi 37 kwa 26 hadi 28, wachezaji watano kila upande, vipindi vitatu vya dakika 12, kwa hiyo hauhitaji eneo kubwa. Lakini unahitaji eneo hilo likae pakavu mpaka filimbi ya mwisho. Maji yakianza kurudi, yanarudi haraka kuliko unavyodhani.

Halafu upepo. Msimu wa kusi, katikati ya mwaka, upepo wa alasiri unabeba mpira mpaka kipa anacheka. Ukiweza, elekeza magoli ili timu zote mbili ziupate ubavuni. Na kabla ya kutangaza tarehe, kaa na wavuvi dakika kumi. Hawatozi.

Hatua ya 4: Dokezo na fedha

Hii nitaipita haraka kwa sababu kila halmashauri ina vikwazo vyake. Bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Kama shughuli yako haikuingia wakati ule, Agosti utaambiwa haina kasma, yaani fungu la bajeti, na utaambiwa kweli. Andika dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba kibali, mapema, weka idadi ya mechi na si "michezo mbalimbali", ambatisha kalenda yako. Vifaa vinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, kwa hiyo mipira unayoitaka Agosti iombe mwanzo wa Julai. Ukichukua masurufu, yaani fedha ya kutangulizwa kwa kazi, tunza kila risiti na kila karatasi ya saini za posho, kwa sababu hutapewa mengine kabla ya kuyarejesha haya.

Vijana watakuuliza kama ile mikopo ya asilimia 10 inaweza kununua jezi. Jibu ni hapana. Ile ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya shughuli za kiuchumi, na inarejeshwa. Lakini timu iliyokaa pamoja miaka mitatu inaweza kuwa kikundi kizuri cha kuomba mtaji wa bodaboda au wa kubangua korosho. Mpeleke nahodha wao kwa afisa maendeleo ya jamii, usimfukuze.

Hatua ya 5: Kata, na vita ya mamluki

Barua ya mkurugenzi inakwenda kwa watendaji wa kata, lakini timu inaundwa na mwenyekiti wa mtaa na kijiwe cha bodaboda. Wapigie wote. Kisha itisha kikao kimoja, kila kata walete viongozi wawili, na siku hiyohiyo wasaini kanuni.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni ya nani anaruhusiwa kucheza. Bila hiyo, nusu fainali utaona mchezaji wa ligi ya mkoa kavaa jezi ya kata ya Mingoyo na jina la binamu yake. Mimi nataka orodha ya majina 20 yenye picha, imegongwa mhuri wa mtendaji, inafungwa siku saba kabla ya mechi ya kwanza na haifunguliwi tena. Kwa vijana wadogo naomba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au barua ya mwalimu mkuu. Sera ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35, na ukiliacha pengo hilo wazi, mtu wa miaka 34 atamkanyaga wa 15. Gawa: chini ya miaka 17, na miaka 17 kwenda juu.

Rufaa ije kwa maandishi, ndani ya saa 24, na ada ndogo inayorudishwa akishinda. Bila ada, kila aliyefungwa atakata rufaa.

Hatua ya 6: Hesabu mechi kabla ya kuahidi ligi

Timu nane zikicheza kila mmoja na mwenzake mara moja ni mechi 28. Waamuzi wanne kila mechi, posho 112. Ukizigawa makundi mawili ya timu nne nne, ni mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: 16. Posho 64. Kila timu bado ina uhakika wa mechi tatu. Usikubali mtoano wa moja kwa moja, hata uwe wa bei rahisi: timu za Kitunda zinavuka maji kwa boti, na kumvusha mtu bahari ili acheze mara moja kisha arudi ni kumkosea adabu.

Na si kila kijana anacheza mpira. Bao linataka ubao wa mashimo 32 na kete 64, basi. Weka meza mbili za bao na mbili za drafti chini ya mti pembeni ya uwanja, weka rede kwa wasichana wadogo, na utawapata wale ambao wasingekuja kabisa.

Hatua ya 7: Uwanja na usalama

Pima kwa kamba yenye mafundo. Kona iwe mraba kweli: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari utoke 5. Chokaa mbichi usiimwage kavu uwanjani, inaunguza macho na vidonda vya magoti. Hata iliyokwisha kuzimwa kwa maji bado inaunguza, kwa hiyo tumia majivu.

Toa taarifa polisi mapema. Zungumza na kituo cha afya kilicho jirani upate muuguzi, na dereva mmoja ajue njia ya kwenda Hospitali ya Sokoine asiulize mtu. Chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria: mzazi asaini, na safari ya timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima, si kocha peke yake. Ufukweni weka vijana wawili wanaojua kuogelea vizuri, kazi yao iwe kuyatazama maji tu. Mechi wasitazame. Ni kazi ngumu, walipe.

Hatua ya 8: Siku yenyewe na kesho yake

Mgeni rasmi mpe muda wa nusu saa nzima kabla ya ule unaoutaka. Hotuba iwe wakati wa mapumziko, si kabla ya mechi; jua halisubiri itifaki. Zawadi mbuzi awepo uwanjani tangu asubuhi, afungwe mahali anapoonekana.

Kesho yake, kabla ya taarifa, hesabu mipira. Andika namba kwa rangi juu ya kila mmoja, na kila kata isaini inayobaki nao. Mwaka jana mpira namba 7 ulipotea Ng'apa, mtendaji akaapa hajauona. Miezi mitatu baadaye nilipita pale na pikipiki, nikawakuta watoto wanaucheza nyuma ya ofisi yake, namba imefutika nusu. Niliandika kwenye daftari: namba 7, upo, unatumika.